Siku saba za kulitafuta ziwa liingie kwenye simu

Nianze na sababu maana kuna watu wameniona wiki nzima nazunguka Mwanza na simu nimeinyanyua juu kama mpima viwanja. Shangazi yangu kafungua mgahawa Nyakato, sato wa kukaanga, sangara wa mchuzi, ugali, wali, mambo ya kawaida. Sasa Nyakato ziwa hulioni, unaona malori na vumbi. Akaniita akaniambia "baba, we si una simu nzuri, nipigie ziwa lote nilibandike pale ukutani, mtu akila samaki ajue katoka wapi." Nikaupima ukuta kwa futi kamba, mita tatu na kidogo. Nikasema hiyo ndogo shangazi, panorama moja tu, ile picha ndefu unayoipiga huku unazungusha simu, nusu saa kazi imeisha. Nilikuwa na likizo ya wiki moja, nikajua natumia jioni moja zinazobaki nalala.

Lile neno "ziwa lote" lingenishtua mapema. Ziwa Victoria ni kama kilometa za mraba 68,800, nusu hivi ndo iko Tanzania, iliyobaki Uganda na kipande kidogo Kenya. Na sisi wa Mwanza mjini kiukweli tunachokiona kila siku ni ghuba tu, ulimi wa maji ulioingia nchi kavu ukashuka kusini, ng'ambo unaona Kamanga na vilima vya Sengerema. Yule Mzungu Speke alifika huku Agosti 1858, inasemekana alisimama huko juu Isamilo, akayatazama maji akalipa ziwa jina la malkia wake na akasema Nile inatokea hapa. Kwa alichokiona pale juu hajaona hata robo. Ila kuhusu Nile alipatia, bahati yake.

JUMATATU

Nimeanza pale kila mtu anapoanzia, Bismarck Rock, saa kumi na mbili kasoro jioni. Kwa asiyepajua, ni jiwe limesimama juu ya mawe mengine ndani ya maji, karibu na kivuko cha Kamanga, linaonekana kama litaanguka kesho asubuhi na limekaa hivyo hivyo toka enzi. Jina walileta Wajerumani, la yule Otto von Bismarck chansela wao, mtu hajawahi kukanyaga Mwanza maisha yake yote lakini jiwe ni lake. Haya.

Pale jioni kunajaa. Wapiga picha wa mtaani na kamera zao shingoni, wapenzi, watoto wa shule, wauza karanga. Jua linazama upande wa ziwani moja kwa moja kwa hiyo wote wamegeukia huko, na mimi nikageukia huko nikafungua panorama nikaanza kuzungusha kutoka kushoto kwenda kulia huku nafuata kale kamshale.

Picha imetoka nyeusi. Siyo yote, lile jua lenyewe limetoka zuri sana na kipande cha maji chini yake kinang'aa dhahabu, pembeni kote usiku. Bismarck imekuwa kivuli, ukimwonyesha mtu anaweza kukuambia ni tembo kalala. Nikarudia, nikaanzia upande wa mjini kwenye mwanga hafifu, sasa mji umetoka vizuri lakini nilipofika kwenye jua pamekuwa tundu jeupe kama karatasi imechomwa na sigara.

Nimepiga kama mara kumi na tano mpaka giza likaingia. Mpiga picha mmoja wa pale, mzee kidogo, alikuwa ananiangalia tu, mwisho akasema "kijana, simu yako inapima mwanga mara moja tu, pale unapoanzia. Ukishaanza kuzunguka haipimi tena." Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akasema "njoo asubuhi" afu akaondoka na wateja wake. Nikaona ananizingua, asubuhi nani anakuja Bismarck?

JUMANNE

Sikwenda asubuhi. Nililala mpaka saa tatu nikaenda mwaloni Kirumba, nikijiambia mgahawa wa samaki unataka picha yenye samaki.

Kama hujawahi kufika mwaloni, andaa pua. Dagaa wanatoka visiwani kwa magunia wanakuja hapa ndo wanagawanyika nchi nzima na nje ya nchi, kuna malori ya Kongo pale, kuna wabeba mizigo wanapita na gunia kichwani wanapiga kelele "njiaaa" na usipopisha shauri yako. Mitumbwi inaingia inatoka. Rangi zipo, watu wapo, maji yapo nyuma. Nikasema hii ndo yenyewe.

Shida panorama haitaki kitu kinachotembea. Simu haipigi picha moja ndefu, inapiga vipande vingi vyembamba vyembamba huku unazunguka afu inavishona kama fundi cherehani anavyounga vitambaa. Kati ya kipande na kipande dunia inaendelea. Mbeba gunia mmoja katoka na miguu mitatu. Mtumbwi wenye injini uliopita nikiwa nazunguka kuelekea huko huko ulikokuwa unaenda umetoka mrefu kama treni, na mwingine uliokuja kinyume umetoka mfupi, boti nzima na watu sita wamebanwa kwenye kitu cha ukubwa wa beseni. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja anayeanika dagaa akanisogelea.

"We kijana unapiga nini?"

"Ziwa mama."

"Ziwa liko huko, huku ni mimi."

Kweli alikuwemo, tena mara mbili, kichwa kimoja kimeshonwa nusu. Nikamwonyesha nikafuta mbele yake. Akanielewesha kistaarabu tu kwamba pale mtu akija na simu anapiga piga watu wanajua ni wa uvuvi kaja kutafuta nyavu haramu, kwa hiyo kama nataka amani niombe kwanza. Nikamwomba radhi, nikanunua dagaa wa elfu mbili ambao sikuwahitaji, nikaondoka.

JUMATANO

Leo Saanane, na leo ndo nimejifunza kitu cha maana kuliko siku zote kwa hiyo nitaandika kirefu.

Shangazi alivyosikia nataka kupanda boti alinyamaza kwenye simu. Yeye boti hapandi tangu mwaka 1996. Tarehe 21 Mei mwaka ule MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa Mwanza, mamia ya watu, na makaburi yao yapo pale Igoma njia ile ile ya kwenda kwake, kila siku anapita. Nikamwambia shangazi ni dakika chache tu, kisiwa unakiona kutoka Capri Point, na wanavalisha maboya. Akasema "uvae kweli, usishike mkononi." Nikavaa.

Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa toka 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilometa za mraba 2.18 na hapo wamehesabu na maji. Zamani kilikuwa cha mzee mmoja mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi, akahamishwa mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, jina likabaki lake. Naona huyu kamshinda Bismarck, angalau yeye kweli aliishi hapo.

Tumeshuka, mhifadhi kijana hivi, mcheshi, akatupandisha kwenye mawe. Swala pala wapo, pimbi wamelala juu ya mawe wanaota jua kama wazee wa barazani, na ile mijusi kichwa chekundu mwili wa bluu inapiga pushapu kila ukiikaribia. Juu kabisa kwenye mwamba unaona ghuba pande zote, mji kule, maji, vilima, ukigeuka tena maji. Nikasema leo napiga ya kuzunguka kabisa.

Nikasimama, nikanyoosha mikono mbele, nikazunguka kama mtoto anayecheza. Nikaangalia. Ng'ambo ya mbali imetoka safi, maji safi, lakini lile jiwe kubwa lililokuwa mita mbili toka niliposimama limevunjika. Siyo mfano, limekatika kabisa kwenye picha, nusu ya juu imehama kulia nusu ya chini iko pale pale, na mti mdogo uliootea kwenye ufa wake umekuwa miti miwili. Nikapiga tena, jiwe likakatika sehemu nyingine. Nikapiga mara nane, mara nane limekatika na kila mara pengine.

Nikadhani simu mbovu. Mhifadhi akaomba kuona, akasema wageni wengi wanalalamika hivyo hivyo, afu akanifanyia kitu ambacho toka shule ya msingi sijakifanya. Kasema nyoosha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, sasa fumbua fumba la kulia. Kidole kikaruka. Mlima wa ng'ambo haukuruka, kidole tu. "Ndo hivyo," akasema, "simu yako inahama."

Na ni kweli inahama, ngoja nieleze maana mimi mwenyewe imenichukua muda. Ukinyoosha mikono ukazungusha mwili, wewe umesimama sehemu moja lakini simu iko mbele yako nusu mita au zaidi, kwa hiyo simu haizunguki, inatembea kwenye duara. Kila kipande inakipiga ikiwa imesimama mahali tofauti. Kwa kitu cha mbali kilometa tatu haijalishi, nusu mita si kitu. Kwa jiwe la mita mbili ni kama umelichungulia kwa jicho la kushoto afu la kulia, kila jicho linaliona kivyake, na simu ikijaribu kuunga haviungani, inakata popote. Dawa ni mbili: ama usiweke kitu cha karibu kabisa, ama simu yenyewe ndo iwe katikati, wewe ndo uizunguke yenyewe, siyo yenyewe ikuzunguke wewe.

Nikajaribu pale pale. Simu nikaishika karibu na kifua, kiwiko kimebana mbavuni, nikawa nazungusha miguu taratibu huku najaribu lensi ibaki sehemu moja. Kumzunguka mtu aliyesimama ni rahisi, kuizunguka simu juu ya mwamba unaoteleza huku pimbi wanakuangalia ni kazi nyingine. Mgeni mmoja wa kike akaniuliza kama naumwa tumbo.

Ya tisa jiwe halikukatika. Limepinda kidogo tu. Lakini saa hizo ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, maji yote meupe, upepo wa ziwani umeshaanza, mawimbi yanaungana vibaya unaona kabisa mistari wima kwenye maji kama bati. Nikarudi na boti. Boya nilivaa.

ALHAMISI

Simu imejaa. Nimeshinda nyumbani nafuta. Picha 214, zote za maji.

Ila kitu kimoja. Jirani yetu ni fundi ujenzi, alikuwa barazani ananoa mwiko, nikamweleza ile habari ya simu kuhama. Hakusema kitu, akaingia ndani akatoka na timazi. Ile ya kamba na chuma kilichochongoka chini anayopimia ukuta umesimama wima. Akaniambia funga kamba hapo kwenye simu usawa wa lensi, chini weka alama, hicho chuma kisihame juu ya alama. Basi.

Nimekaa na jiniasi ukuta mmoja miaka sita.

Tumefanya mazoezi uani, alama ni kizibo cha soda, vitu vya karibu ni ndoo, kinu, na kuku mmoja asiyetulia. Kwa mara ya kwanza ndoo imetoka nzima. Kuku katoka hana kichwa lakini kuku ni mwendo wake siyo kosa langu.

IJUMAA

Nimepanda hiace mpaka Kigongo kulipiga daraja. Hii ilikuwa tamaa tu, shangazi aliomba ziwa siyo daraja, lakini Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji kutoka Kigongo mpaka Busisi, na kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya pantoni pale anajua ni kitu gani. Mimi nimewahi kukaa Kigongo na mgonjwa kwenye gari tunasubiri pantoni irudi kutoka ng'ambo, unaiona kabisa kule, ndogo kama kiberiti, haiji. Sasa hivi ni dakika chache umevuka. Nilitaka liwemo kwenye ukuta.

Nikashuka ufukweni, timazi mfukoni, nikatafuta sehemu tambarare, nikafunga, nikazungusha taratibu kutoka upande wa Kigongo mpaka upande wa Busisi. Watoto wamenizunguka wanauliza kama natafuta maji ya kisima. Nimefungua picha.

Daraja ni ndizi.

Yaani limepinda. Katikati limenijia, linene, ncha zote mbili zimekimbia zimekuwa nyembamba zimekunjika kuelekea nyuma. Na daraja lenyewe mbele yangu limenyooka kama rula. Nikapiga tena nikiwa makini zaidi, ndizi iliyoiva vizuri zaidi.

Hii nimeielewa mwenyewe kwenye hiace nikirudi. Chukua debe, simama katikati yake ndani, chora mstari kuzunguka unachokiona, afu likate debe ulikunjue liwe bapa. Ndo panorama. Simu inapiga kwenye duara afu inalikunjua. Kitu kilichonyooka kikipita karibu na wewe kutoka upeo mmoja mpaka mwingine lazima kipinde, maana katikati yake kiko karibu yako na ncha ziko mbali, na picha haidanganyi hapo, kila kipande kimetoka kwa ukubwa wake halali. Kwa mistari ya kulala, unaobaki umenyooka ni ule wa maji na anga ukikutana, mradi simu hujaiinamisha. Ukiinamisha hata kidogo nao unapinda, unakuwa bakuli au mgongo wa kobe. Kwa hiyo kwa daraja usipige panorama ndefu, rudi nyuma mbali au panda juu, piga kipande kifupi. Niko na picha moja ya kawaida ya daraja, ya kawaida kabisa, ndo nzuri kuliko zote. Panorama za siku nzima ndizi.

Jioni shangazi kapiga. "Baba, bango?" Nikamwambia kesho.

JUMAMOSI

Yule mzee wa Bismarck alisema asubuhi. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja usiku na bodaboda, elfu tatu kwa sababu ya giza, mpaka Capri Point, nikapanda kwa miguu kwenye yale mawe ya juu. Giza bado. Kwenye maji kuna taa nyingi mbali huko, wavuvi wa dagaa, wiki hii hakuna mwezi kwa hiyo wametoka. Ukiwaangalia unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Zamani zilikuwa karabai, saivi wengi taa za sola na betri, nyeupe zaidi.

Nikatafuta jiwe lililo bapa, nikaweka kizibo changu cha soda. Nikaangalia kama kuna kitu cha karibu, kulikuwa na kichaka kushoto, nikasogea hatua nne. Nikasubiri.

Sasa kinachotokea ni hiki. Mwanza ziwa liko magharibi. Jua linachomoza nyuma yako, nyuma ya mji. Kwa hiyo asubuhi mwanga wote unatoka mgongoni kwako unaenda ziwani, kila kitu mbele kinapigwa mwanga sawa sawa, hakuna tundu jeupe, hakuna tembo mweusi. Na upepo wa mchana haujaanza, maji yamelala. Sisi sote tunaenda jioni kwa sababu jioni ndo jua linaonekana. Kumbe kwa panorama jua halitakiwi kuonekana, linatakiwa kufanya kazi.

Saa moja kasoro vilima vya Sengerema vikapata rangi juu, kama mtu kavipaka mafuta, ikashuka taratibu mpaka kwenye maji. Saanane kushoto, mawe yake yamekuwa ya chungwa. Katikati ghuba yote ya kijivu buluu. Kulia bandari na mji, na Bismarck pale chini kadogo kama jino. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zimezimwa.

Nikaishika simu wima, maana wima unapata picha nene zaidi kwenda juu, ukilaza inatoka utepe. Nikafunga kamba. Nikabonyeza kidole kwenye skrini katikati ya maji nikashikilia mpaka mwanga ukajifunga hapo. Nikataka kuanza, kivuko cha Kamanga kikatoka. Nikasubiri. Kikafika katikati, kimetulia kabisa kwenye maji, kizuri, lakini nilishaona mtumbwi treni na mtumbwi beseni Jumanne, nikasubiri mpaka kikafika ng'ambo kikawa nukta. Boti mbili za dagaa zikapita, nikasubiri. Furukombe akalia mahali, sikumtafuta.

Afu nikazungusha. Kizibo, chuma cha timazi, kizibo. Sikuangalia ziwa kabisa, nilikuwa naangalia kale kamstari kwenye skrini na chuma kule chini, jicho moja juu jingine chini, miguu inasogea nusu nyayo nusu nyayo. Pumzi nimeibana sijui kwa nini, haisaidii kitu. Kama nusu dakika hivi.

Nikafungua nikaivuta. Saanane nzima. Maji hayana mishono, nimetafuta. Mstari wa maji ng'ambo umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Mapaa ya mji yapo, naweza kuhesabu madirisha. Nikapiga nyingine nne za akiba lakini nilijua ni hiyo, saa moja na dakika kumi na mbili.

Nimekaa pale juu nikala mihogo ya kuchemsha mpaka jua likawa kali.

JUMAPILI

Kijana wa kuprinti hafungui mpaka atoke kanisani, nikamtumia picha kwa WhatsApp aanze kuiandaa. Akanipigia: "kaka hii ni ya passport?" Nimebishana naye dakika nzima mpaka nikakumbuka WhatsApp inabana picha. Yangu ilikuwa pikseli kama 12,000 kwa 2,400, iliyomfikia haifiki hata robo ya hapo. Ukitaka ifike nzima itume kama dokumenti, siyo kama picha. Tukapiga hesabu: mita tatu ni inchi 118, pikseli 12,000 gawanya, kila inchi inapata kama mia moja. Akasema kwa ukuta inatosha, mtu halagi samaki pua imegusa picha. Urefu kwenda juu sentimita 60. Akaitoa kwenye stika, tukaisokota, nikapanda nayo daladala nimeishikilia katikati ya miguu kama mkeka.

Tumeibandika saa kumi, mimi, fundi jirani (alileta timazi bila kuambiwa) na shangazi anatoa amri. Povu moja dogo limebaki upande wa Saanane, tumelitoboa kwa pini. Shangazi akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaangalia muda mrefu akasema "lote limeingia?" Nikamwambia ghuba tu shangazi, na siyo yote. Akasema basi ng'ambo ya pili nitampigia lini.

Mteja wa kwanza kuikalia chini alikuwa mzee mmoja, anasema kafanya kazi kwenye pantoni miaka mingi. Kaagiza sangara, kala nusu, kanyanyuka na mkono wenye mchuzi kaenda ukutani. Kafuata ufukwe na kidole, taratibu, kutoka bandarini akaja mpaka chini ya Capri Point, akasimama. Karudi. Kafuata tena.

"Nani kapiga hii?"

Shangazi akaninyooshea kidole.

"Hapa umepindisha," akasema. "Hii kona haipo. Mimi hapa nimepita usiku bila taa, pamenyooka."

Nikaanza kumweleza habari ya debe na kulikunjua, nikaomba hata debe jikoni. Kasikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kiti akavuta sahani. "Debe sawa," akasema, "lakini ukifuata hii utagonga mwamba." Shangazi alikuwa ameshafika ukutani na kitambaa, anafuta mchuzi.